Mwalimu Asteria Mbuke Masalu, Aliyerudi Nyumbani Kufuata Jua

Baba Paroko, wazee wetu, walimu wenzake na marehemu, wageni wetu kutoka Makete mliosafiri siku mbili barabarani, na nyie majirani wa Kagongwa ambao hamjapumzika tangu Jumanne: Tumsifu Yesu Kristo. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wa marehemu, Rhoda wa Kambarage, Shinyanga. Mara nyingi wasifu husomwa haraka haraka, mtu kazaliwa, kasoma, kaolewa, kafa, twendeni tukazike. Leo mtatuvumilia kidogo. Kaka yetu mkubwa Deusdedit, ambaye baadhi ya maneno ya humu yanamgusa pabaya, aliusoma jana, akasema, "Someni wote." Basi utasomwa wote.

Mwalimu Asteria alizaliwa hapa Kagongwa tarehe 3 Agosti 1975, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu mzee Pantaleo Masalu na mama yetu Mageni, ambaye Mungu amemtunza na leo amekaa pale mbele. Jina la Mbuke alilirithi kwa bibi mzaa baba. Mama anasema alizaliwa mchana wa kiangazi, chini ya bati lisilo na dari, na tangu siku hiyo hakuwahi kulalamikia joto. Watoto wengine wakikimbilia kivulini, yeye alibaki uani akijianika kama mtama. Tulimsema sana kwa hilo, hakusikia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1983 na kuhitimu la saba mwaka 1989. Katikati ya hapo, mwaka 1988, baba alifariki ghafla. Deusdedit, kijana wa miaka ishirini na miwili, alisubiri arobaini ipite, akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na kabla ya kuondoka alimwapia mama kwamba Asteria hatakatishwa shule. Na hakukatishwa. Alisoma sekondari Shinyanga mjini kuanzia 1990 hadi 1993. Likizo zikifika alikwenda Nyarugusu kumpikia kaka yake na wenzake. Kaka akishuka kwenye duara, yaani lile shimo lenyewe la dhahabu, dada alikuwa hagusi chakula mpaka amwone ametoka. Wachimbaji walimtania, "Wewe mtoto, utakufa njaa sisi tukiwa wazima." Naye anawajibu kutokea juu, "Basi tokeni tule!" Hivyo ndivyo walivyopendana hawa wawili, na ni vizuri mlijue hilo kabla hatujafika kwenye ugomvi.

Baada ya chuo cha ualimu, mwaka 1996 alipangiwa kazi wilaya ya Makete, wakati huo ikiwa Mkoa wa Iringa, sasa Njombe. Ukoo mzima hakuna aliyejua Makete iko wapi. Aliondoka na khanga mbili na kandambili. Asubuhi yake ya kwanza kule alitoka nje akakuta majani yamekuwa meupe, akamuuliza jirani ni nani aliyemwaga chumvi uwanja mzima. Kumbe ni barafu. Miaka ishirini na sita alifundisha huko akiwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata Desemba. Siku moja, ule mwaka wa kwanza, aliwapa darasa la tatu imla, na ulimi wetu wa Kisukuma mnaujua wenyewe. Madaftari yaliporudi, darasa zima lilikuwa limeandika "balidi." Mwalimu Mkuu akaja juu, akauliza watoto wameingiwa na nini. Asteria akasema, "Watoto wamepata wote, Mkuu. Waliandika walichosikia. Aliyekosa ni mwalimu." Akawapa vema wote. Tangu hapo wakamwita Mwalimu Balidi, na wawili kati ya watoto wale wako hapa leo, watu wazima wenye familia zao.

Ndoa yake ilianzia dukani. Wiliam Mahenge alikuwa mfanyabiashara wa mbao, lori lake likipeleka mbao Kahama na Geita, ambako wachimbaji huzitumia kuzuia kuta za maduara zisibomoke. Siku hiyo, mwaka 1999, alikuwa anawahadithia watu jinsi jua la Kahama lilivyotaka kumuua. Asteria akamkatiza bila hata salamu, "Kaka, umetoka Kahama? Hebu nisimulie hilo jua." Wiliam anasema hajawahi kuona mtu anayesikiliza habari za jua huku machozi yanamlengalenga. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba 2001, wakajaliwa watoto wawili: Paskalia, aliyezaliwa Pasaka ya mwaka 2003, na Januari, aliyezaliwa mwezi huo huo wa jina lake mwaka 2007. Ilikuwa nyumba ya kucheka. Wiliam alikuwa akimwambia kwamba amemwoa kwa ajili ya kumwotesha moto tu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Mwalimu alianza kuumwa tumbo. Akasema ni vidonda, akanywa dawa za vidonda, akaficha damu aliyokuwa anaiona chooni, kama tunavyoficha sote. Februari 2022 akazidiwa. Vipimo vikaonyesha saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji mwezi Machi, na katikati ya Mei akaanza dawa za dripu, mizunguko minane, kila baada ya wiki tatu. Dawa yenyewe ilikuwa na tabia moja ya ajabu: haipatani kabisa na baridi. Mgonjwa akigusa kitu cha baridi, vidole vinachomwa kama sindano. Akinywa cha baridi, koo linabana hadi anadhani pumzi imekata. Madaktari walimweleza kwamba kubana huko kunatisha lakini kunapita, ajihadhari tu. Ajihadhari vipi, Makete, mwezi wa sita? Komeo la mlango lilikuwa baridi, kijiko baridi, chaki baridi, hata hewa aliyovuta ilimchoma. Baada ya mzunguko wa pili alikaa jikoni karibu na moto siku nzima amejifunika blanketi usoni, na akamwambia mumewe, "Baba Paskalia, hii mizunguko sitaimaliza. Si kwamba sitaki. Siwezi."

Hapo ndipo palipokuwa na kufa na kupona. Daktari alisema wazi kwamba dawa ikikatizwa njiani, saratani inaweza kurudi upesi. Akaongeza, "Wapo wanaovaa glovu na soksi wakamaliza. Lakini kama kwenu kuna joto, na Mwanza dawa hii inapatikana, nenda. Nitaongea na wenzangu wa Mwanza." Wakakubaliana. Mzunguko wa tatu ungekuwa Mwanza, Jumatatu ya tarehe 27 Juni 2022. Asteria angetangulia na Paskalia, na Wiliam angewafuata akishamweka Januari kwa shangazi yake.

Jumapili ya tarehe 19 Juni, Wiliam alimpigia simu kaka Deusdedit kumpa taarifa. Tena kwa adabu zote. "Shikamoo shemeji. Nimeamua kumrudisha Asteria nyumbani. Atafika kwenu Jumatano." Kisha simu ikakatika. Kama ni mtandao uliokata au ni kaka aliyekata, hadi leo halijapatiwa ufumbuzi.

Ndugu zangu, kwao Wiliam, kumrudisha mtu nyumbani ni kumsindikiza kwao, basi. Kwetu huku, mke akirudishwa nyumbani, mume amemchoka na ndoa imekwisha. Na mgonjwa akirudishwa nyumbani, madaktari wamefika mwisho wa uwezo wao, na watu waanze kujipanga. Kaka alisikia yote mawili katika neno moja. Akakaa chini kwenye ngazi ya nyumba ya mama, akashika tama. Alipoinuka, habari ilikuwa imeshavuka barabara ya Isaka: Mbuke karudishwa.

Kaka si mtu wa kungoja. Nyarugusu amewatoa watu wengi chini ya vifusi, na anajua msiba usiopangwa unavyodhalilisha familia. Akaleta kuni nusu lori. Akaazima turubai. Akawaita shangazi zetu kutoka vijijini. Mama alipomuuliza, "Mbona unaanika kuni za msiba mwanangu akiwa hai?" alijibu, "Mama, nisipojipanga mimi, atajipanga nani?" Mama akamwacha.

Jumatano tarehe 22 Juni, saa saba mchana, basi la Kahama liliwashusha Asteria na binti yake pale kituoni. Paskalia anasema mama yake alisimama katikati ya vumbi, akavua glovu, akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akainua uso juu akacheka peke yake. Vidole havikuchoma. Akagusa nguzo ya chuma ya kibanda cha mkaa, ilikuwa ya moto, akaishika kwa mikono miwili kama anasalimiana nayo. Akatembea mwenyewe hadi nyumbani. Alipoingia uani akakuta turubai, kuni, na wanawake wamekaa chini wamenyoosha miguu. Mmoja alipomwona akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakapokea.

Asteria akauliza, "Nani kafa?"

Wanawake wakaanza kutazamana. Shangazi mmoja, kwa kuona aibu ile, akafanya lile tunalofanya sote mgeni wa heshima anapofika na jua linawaka: akamletea soda ya baridi, ile inayotoka jasho, akaifungua mbele yake na kumpa kwa mikono miwili. Paskalia alikuwa ndani anamsalimia bibi yake. Asteria alijua hatakiwi kunywa. Lakini kumkatalia shangazi mbele ya watu wote wale ni vigumu, na baadaye alisema alidhani jua la Kagongwa limeshamaliza kazi. Akapiga funda moja.

Koo likabana. Akashika shingo, macho yakamtoka, sauti ikakata. Mamaa! Uwanja mzima ulipiga yowe. Wengine wakaanza Baba Yetu, wengine wakamkimbilia, wengine wakamkimbia. Kaka Deusdedit akambeba mikononi akizunguka naye bila kujua anampeleka wapi. Paskalia akatoka mbio akipiga kelele, "Maji ya moto! Mpeni maji ya moto!" na hakuna aliyemsikiliza, wanasema mtoto kachanganyikiwa. Ni mama Mageni aliyetoka na kikombe cha uji wa vuguvugu. Akamnywesha kidogo kidogo, taratibu, hadi koo likafunguka. Maneno ya kwanza ya Asteria yalikuwa haya: "Kaka, niweke chini. Sijafa."

Lakini kaka alikuwa ameshaona alichokiona. Alikata shauri pale pale. Dawa iliyomfanya dada yake abanwe hivyo kwa funda la soda ndiyo inayomuua, na wanaompa wanajua wanachofanya, ndiyo maana wamemrudisha. Akasema hakuna mtu wa kwenda Mwanza. Akatangaza hivyo mbele ya ukoo, na nani wa kumpinga? Yeye ndiye aliyemsomesha, na hata nyumba hii ya mama aliijenga yeye. Asteria akamweleza habari ya dawa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kaka alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliotutisha. "Pumzika, Mbuke. Kula. Umeshateseka vya kutosha." Rhoda alikuja kutoka Kambarage kumchukua ampeleke Mwanza, akakuta geti limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa kaka. Walitupiana maneno ambayo Baba Paroko hahitaji kuyasikia.

Jumatatu ya tarehe 27 ikafika. Basi la asubuhi likapita barabarani, Asteria akilisikia. Alikaa juani siku nzima. Joto alilolifuata alikuwa nalo, na dawa ilikuwa Mwanza inamsubiri bure.

Jumanne, mchana kweupe, Wiliam akagonga geti. Alikuwa amesafiri bila kulala, na hakujua lolote, kwani simu ya mkewe na ya Paskalia zilikuwa zimezimwa kwa amri ya kaka, eti mgonjwa asisumbuliwe. Deusdedit alikuwa anatengeneza uzio, mkononi ameshika mtaimbo. Hakuuweka chini.

"Shemeji, umefuata nini?"

"Nimemfuata mke wangu. Jana alitakiwa awe Mwanza. Yuko wapi?"

"Mke gani? Yule uliyemrudisha?"

"Ndiyo, shemeji," Wiliam akasema, maskini wa Mungu. "Nilimrudisha mwenyewe. Nilikupigia nikakwambia."

Loo! Watu waliokuwa uani wakaguna. Mtu anakiri kwa kinywa chake, mbele ya mama mkwe! Deusdedit akafungua geti, si kwa kumkaribisha. Alisogea hadi wakawa uso kwa uso, na mtaimbo ule tuliuona sote ukipanda hadi begani. Wiliam hakurudi nyuma. Hakuwa shujaa, alikuwa haelewi kinachoendelea.

Asteria akatoka kwenye mkeka wake. Alitembea polepole akishika ukuta, akaingia katikati yao, akaweka mkono wake juu ya ule mtaimbo uliokuwa umechomwa na jua kutwa nzima. Aliongea kwa sauti ya darasani.

"Kaka, nisikilize kwa mara ya mwisho. Huko kwao, kumrudisha mtu nyumbani ni kumsindikiza. Hakuna maana nyingine. Nimeishi nao miaka ishirini na sita, mimi ndiye ninayewafundisha watoto wao Kiswahili. Mume wangu hajanirudisha, na hospitali haijanirudisha. Nimerudi mwenyewe, kwa miguu yangu, nipate jua nimalize dawa. Ukinizuia kwenda Mwanza, nitakufa, na utakuwa umeniua wewe. Si baridi, si kansa. Wewe, Deusi, uliyenisomesha."

Mama Mageni, ambaye wiki nzima alikuwa hajatia neno, akasema kutoka mlangoni, "Mpishe mwenye mke wake aingie."

Kaka akauteremsha mtaimbo. Lakini hakukubali, mnamjua. Akasema, "Nitakwenda nao. Daktari aniambie mimi, kwa mdomo wake." Wakaondoka jioni ile katika gari moja, kaka, Wiliam, Asteria na Paskalia, wakalala Kambarage kwa Rhoda. Asubuhi ya Jumatano wakawa hospitalini Mwanza. Daktari alikuwa binti mdogo tu, na kaka hakumpa hata nafasi ya kukaa. Akamuuliza, "Daktari, nataka ukweli. Huyu mmemrudisha, au hamjamrudisha?"

Yule daktari akashangaa. "Tumrudishe wapi? Sisi tunamtafuta tangu juzi. Mzee, ni wewe uliyemchelewesha?"

Wiliam anasema shemeji yake aligeukia ukutani, akaegemeza paji la uso pale, na mabega yakawa yanacheza. Kisha akavuta kiti akakaa pembeni ya kitanda, na dripu ilipowekwa aliikazia macho hadi tone la mwisho. Muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, alimjibu, "Binti, niondoe kwa polisi."

Kuanzia siku hiyo aligeuka kuwa askari wa joto, hadi akachosha watu. Friji ya mama ilizimwa, ikawa kabati la nguo. Vitasa vya milango ya gari alivifunga vitambaa. Mgeni akija na soda alipekuliwa getini. Na zile kuni za msiba zikawa za kuchemshia maji ya kuoga ya Mwalimu, zikaisha kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2022 alimaliza mzunguko wa nane. Vipimo vya Desemba vikatoka safi. Siku ile Deusdedit alicheza uani mbele ya watoto, na kwa wanaomjua hilo ni jambo kubwa kuliko majibu yenyewe.

Januari 2023 alihamishiwa shule ya hapa Kagongwa. Wiliam akahamisha biashara yake, akafungua duka la mbao barabarani, na mteja wake mkubwa akawa shemeji yake wa Nyarugusu. Dawa ilimwachia Mwalimu ganzi kwenye vidole na nyayo, chaki ilimdondoka mara kwa mara, na wanafunzi wakawa wanagombania kumwokotea. Miaka miwili na zaidi alifundisha hivyo, bila sweta. Aliimba kwaya, akamfikisha Paskalia chuo cha uuguzi, akamwona Januari akiingia kidato cha nne. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa na mpole kwa wanaokosea, na wote mliopita mikononi mwake mnalijua hilo.

Machi mwaka huu maumivu yalirudi, safari hii upande wa ini. Akaanzishiwa dawa nyingine, hazikusaidia. Mwishoni mwa Julai daktari yule yule wa Mwanza aliwaita Wiliam na Deusdedit, akawaambia kwa machozi kwamba sasa wampeleke nyumbani, wamkalie karibu. Wiliam alielewa. Kaka alikataa. Majirani walipoanza kuleta kuni, aliwafukuza. Aliyekuja na turubai alirudishwa nalo kichwani. Alipiga simu Dar es Salaam, akapiga Nairobi, akauliza habari za India. Kila asubuhi aliosha gari.

Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2025, mchana, Asteria alikuwa kwenye mkeka uani, kichwa chake mapajani kwa mumewe. Alikuwa ameacha kula. Deusdedit akatoka ndani ameshika blanketi, akawasha gari, akafungua milango yote, akaja kumbeba. Alisema wanakwenda Mwanza, na asiyetaka abaki. Wiliam alimtazama tu. Mama akafumba macho. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, kwa kuwa kila mmoja wetu alikumbuka jinsi alivyozuia safari ya Mwanza, na sasa mtu angemwambiaje asiende?

Ni mgonjwa mwenyewe aliyesema. Sauti ilikuwa ndogo, ilibidi kaka apige magoti aisikie.

"Kaka, zima gari. Njoo ukae."

Gari liliendelea kunguruma kwa muda. Kisha Deusdedit akainuka, akaenda, akalizima, akarudi kukaa mkekani kwenye miguu ya dada yake. Akaichukua ile miguu yenye ganzi akaipakata. Asteria akasema, "Hapo siihisi mikono yako. Panda juu kidogo." Akapandisha mikono hadi kwenye goti. "Hapo," akasema. Alifariki saa tisa alasiri, nje, mbele ya watu wake, akiwa na miaka hamsini na siku chache.

Marehemu ameacha mume, Wiliam, aliyewaomba ndugu zake wa Makete wakubali alale hapa, na wakakubali, Mungu awabariki. Ameacha watoto wawili, Paskalia na Januari; mama yake mzazi, mama Mageni; mdogo wake, Rhoda; wapwa, mawifi na mashemeji; na wanafunzi wengi mno. Ameacha na kaka, Deusdedit. Kaburi mnaloliona mbele yenu amelichimba yeye. Alfajiri ya leo vijana walikuja na masururu yao, akawaambia, "Hii ni kazi yangu, naijua." Alishuka mwenyewe, ana miaka karibu sitini, akachimba hadi kichwa kikapotea chini ya ardhi. Udongo alikuwa anaupokea Wiliam kwa juu. Alipomaliza alikataa kutoka. Alikaa mle chini, na tulipomwita hakuitika. Basi Wiliam akavua viatu, akashuka, wakakaa wote wawili. Hatujui walizungumza nini. Walipotoka, walitoka wameshikana mikono.

Ee Bwana, Mwalimu wetu Asteria tunamkabidhi kwako. Umpe pumziko lake na amani yako. Amina.